Babu yangu aligoma na wenzake mwaka 1946, au aliwataja?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba usinitaje jina. Mombasa watu wanajuana, na sisi Wakokni, Waislamu wenye asili ya Konkan, India, tunajuana zaidi.

Babu mzaa baba alizaliwa wilaya ya Ratnagiri, pwani ya magharibi ya India, akaja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo alikuwa baharia katika jeshi la majini la India la enzi ya Mwingereza, opereta wa redio kwenye kituo cha HMIS Talwar, Bombay (herufi HMIS zilitangulia majina ya meli na vituo vya jeshi hilo). Huku kwetu alikuwa na kiduka cha kutengeneza redio mpaka alipofariki mwaka 1994. Nyumbani tumekua tukijua kwamba alikuwemo kwenye uasi wa mabaharia wa Februari 1946. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji wa mambo hayo. Wajukuu tukimbana sana alisema, "Tulikataa kula, wakatukasirikia," basi, anarudi kwenye redio yake.

Sasa uasi ule unatimiza miaka 80. Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu baba, anaandaa khitma ya babu, kijitabu cha kugawia watu, na kibao cha shaba cha kuweka ukutani kwenye nyumba ya familia. Maneno ya kibao yako kwa fundi tayari: kwamba babu "aliwaongoza mabaharia wa Talwar na kuwapiga Waingereza kwa mizinga". Mimi nimepewa kazi ya kupanga picha na karatasi zake, kuandika kurasa mbili za maisha yake, na kuzisoma mbele ya watu.

Kwenye sanduku lake la bati nilikuta bahasha imefungwa ndani ya kitambaa. Ina vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha kuachishwa jeshi cha Septemba 1946: tabia imeandikwa "V.G.", yaani "nzuri sana" kwa Kiingereza, sababu ya kuondoka ni kupunguzwa kwa jeshi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alifukuzwa. Cha pili ni barua ya Kiurdu ya mwaka 1947 kutoka kwa mwenzake wa Talwar, aliyekuwa amerudi kijijini kwao hukohuko Ratnagiri. Rafiki yangu anayejua Kiurdu alinisomea. Yule bwana anasema walikuwa sita waliopokezana zamu kwenye chumba cha redio siku za mgomo, wakipeleka habari melini, na anawataja mmoja mmoja. Baada ya kusalimu amri, watano walipelekwa kambi ya kizuizini ya Mulund, karibu na Bombay, na kisha wakafukuzwa mikono mitupu. Babu peke yake hakuguswa. Anamuuliza: nani mwingine aliyejua majina yetu yote? Anamaliza kwa kusema hatamwandikia tena, na watoto wake hawatalisikia jina la babu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kama babu alikuwa msaliti, nitasimamaje mbele ya watu nimsifu? Kwa nini yeye apewe karatasi safi na wenzake wawekwe kambini? Na kwa nini aitunze barua hiyo karibu miaka 50 kama haina ukweli?

Ami ana presha, na shughuli hii ndiyo inayompa furaha tangu astaafu. Bibi yu hai, ana miaka 91, akili yake timamu. Ami alipomsomea maneno ya kibao, bibi alinyamaza, kisha akasema, "Mwacheni mzee alale." Wote walidhani ni majonzi. Mimi sasa sijui. Nimwambie ami? Nimuulize bibi? Niichome barua? Au nisome tu ninachotakiwa kusoma?

Mjukuu, Mombasa

*

Marahaba, binti yangu.

Umebeba mzigo mzito, na umeubeba peke yako. Ngoja kwanza nikurudishie nilivyokuelewa, unisahihishe nilipokosea. Familia ina babu wa kwenye kibao, anayepiga mizinga. Wewe umemkuta babu mwingine ndani ya bahasha, anayetuhumiwa kuwataja wenzake. Unaona ni lazima uchague mmoja kabla ya khitma: ukimchagua wa bahasha utamvunja moyo ami, ukimchagua wa kibao utasema uongo hadharani. Lakini hao babu wawili, hata mmoja hajathibitika bado. Ndiyo maana ningependa tuziangalie karatasi zenyewe taratibu kabla ya kuzungumzia ami na bibi.

Tuanze na cheti, maana naona ndicho kilichokutisha zaidi. Mgomo ulianza Jumatatu tarehe 18 Februari 1946 hapohapo Talwar, kwa sababu ya chakula kibovu na matusi ya kibaguzi ya mkuu wa kituo. Katika siku chache ukaenea kwenye meli 78 na vituo 20 vya nchi kavu, mabaharia wapatao 20,000. Waliposalimu amri asubuhi ya Jumamosi tarehe 23, mamia walikamatwa, na hatimaye waliofukuzwa walikuwa 476. Hao hawafiki watatu katika kila mia. Waliobaki walirudi kazini, na wengi wao hawakukaa sana. Jeshi hilo lilikuwa na watu wasiofika 2,000 vita vilipoanza mwaka 1939, likawa na zaidi ya 25,000 vilipokwisha, na serikali ilikuwa ikiwapunguza. Mtu aliyeachishwa Septemba 1946 kwa sababu ya "kupunguzwa kwa jeshi" yuko kwenye mkondo uleule na maelfu ya wenzake. Hata ile "V.G." isikushtue. Tabia ya baharia ilipewa alama kila mwaka na siku ya kuondoka, na hiyo ndiyo alama waliyoipata walio wengi. Kwa hiyo cheti hakimsafishi babu wala hakimtii hatiani. Kinasema hakuwa mmoja wa wale 476, basi.

Sasa barua. Umesema mwandishi anauliza, nani mwingine aliyejua majina yetu. Iangalie sentensi hiyo vizuri. Hasemi alimwona babu akiingia ofisi ya uchunguzi. Hasemi aliambiwa na mtu. Amekaa kijijini bila kazi, bila malipo ya kuachishwa, amewahesabu wenzake waliopelekwa Mulund, akakuta mmoja hayupo. Uchungu wake ni wa haki kabisa. Lakini njia aliyofikia jibu ni ya kuondoa mmoja mmoja hadi abaki mmoja, na njia hiyo inafaa tu ikiwa kweli watu sita peke yao ndio waliojua.

Talwar haikuwa mahali pa siri kiasi hicho. Ilikuwa shule ya mawasiliano yenye zaidi ya mabaharia 1,000. Kila mmoja alikuwa na afisa wa kundi lake aliyejua amesomea nini na anaweza kukaa kwenye mtambo gani. Mgomo wenyewe uliendeshwa waziwazi: tarehe 19 ilichaguliwa kamati kuu ya mgomo, M. S. Khan akiwa mwenyekiti na Madan Singh makamu wake, na siku hiyohiyo mabaharia walizunguka mjini Bombay mchana kweupe kwenye malori ya jeshi wakipeperusha bendera za vyama vya siasa vya Congress na Muslim League. Walitaka wajulikane. Afisa aliyetaka orodha ya waliokuwa kwenye mitambo ya redio angeweza kuanza na daftari la zamu la kawaida kabla hajamhoji mtu yeyote. Na kwa nini wachukue watano wa sita? Huenda babu alikuwa mdogo wa cheo, huenda zamu yake ilikuwa ya usiku, huenda jina lake liliandikwa kombo. Sijui, na aliyeandika barua naye hakuwa na namna ya kujua.

Nisikudanganye kwa upande wa pili. Inawezekana alisema. Baada ya kusalimu amri yalifanyika mabaraza ya uchunguzi kwenye meli na vituo ili kuwapata waliochochea. Kijana wa miaka 19 au 20, wazazi wake Ratnagiri wakisubiri mshahara wake, akikaa mbele ya meza ya maofisa, angeweza kutamka jina. Na mazingira yalitisha. Alhamisi ya wiki ya mgomo Admirali Godfrey, mkuu wa jeshi hilo la majini, alitangaza redioni kwamba serikali ingetumia nguvu zote ilizo nazo hata ikibidi jeshi la majini liangamie. Kule Karachi, siku iliyofuata, meli ya HMIS Hindustan iliyokuwa imegoma ilipigwa kwa mizinga ya nchi kavu mpaka ikasalimu amri. Mjini Bombay raia zaidi ya 200 waliuawa mitaani kwa risasi. Vallabhbhai Patel, kiongozi wa Congress, aliwataka mabaharia wasalimu amri na kuwapa matumaini kwamba hawataonewa, kisha wakakamatwa. Mtu aliyesema jambo katika wiki kama zile hafanani na mtu aliyekwenda kwa hiari yake kuuza wenzake. Tena kulikuwa na tume rasmi ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Fazl Ali, nayo ilisikiliza mashahidi kuhusu chakula, mishahara na ubaguzi. Mtu kuonekana akienda kutoa ushahidi mbele ya tume kulikuwa jambo tofauti kabisa na kutoa orodha kwa baraza la uchunguzi, ingawa kwa aliyeko kambini, akisikia tu kwamba fulani "ameitwa", yote mawili yangesikika sawa.

Umeuliza kwa nini aliitunza. Umechukua kuitunza kama kukiri. Watu hutunza barua ya tuhuma kwa sababu ni za kweli, na hutunza kwa sababu ni za uongo na hawakupata kuzijibu, na wengine hutunza kwa sababu ni mwandiko wa mwisho wa rafiki. Ukitumia kitambaa kile kama ushahidi, utakuwa umefanya kosa lilelile la aliyewahesabu watu sita.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani hofu imekufanya ulipite. Barua hiyohiyo inayomtuhumu ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote mlio nao kwamba babu alikuwa ndani ya mgomo. Picha haiwezi kuthibitisha hilo. Kama kofia yake ina utepe wa "H.M.I.S." peke yake, hiyo ni desturi ya wakati wa vita, majina ya meli yaliondolewa ili adui asijue. Cheti hakisemi. Hadithi za nyumbani zimeongezwa chumvi. Lakini mtu aliyekuwa naye, aliyekuwa na kila sababu ya kumpunguza, anaandika mwaka mmoja baadaye kwamba alikaa zamu kwenye chumba cha redio wakati mgomo unaendelea. Na kazi hiyo haikuwa ndogo. Habari za Talwar zilisafiri kwa mitambo ile mpaka Karachi, na mabaharia wa Aden na Bahrain nao wakagoma. Bila maopereta wa redio mgomo ule pengine ungebaki ugomvi wa chakula katika kambi moja ya Bombay.

Hapo ndipo ninapoona una njia ya kuzungumza na ami bila kuanza na bahasha. Maneno ya kibao yana kosa ambalo halihitaji barua yoyote kulionyesha. Talwar ilikuwa kituo cha nchi kavu. Haikuwa meli, na kazi yake ilikuwa kufundisha mawasiliano. Risasi za Bombay zilirushwa kwenye kambi ya mabaharia ya Castle Barracks, na mizinga iliyoelekezwa mjini ilikuwa ya meli zilizokuwa bandarini. Mtu yeyote anayeijua historia hii akikisoma kibao atacheka, na atakayechekwa ni ami. Mwambie hivyo kwa upole, na mapema, kabla fundi hajachonga, maana shaba ikishachongwa hairekebishiki, inabidi kununua nyingine. Mpelekee maneno mbadala tayari yameandikwa, kwa mfano: "Opereta wa redio, HMIS Talwar, Bombay. Alikuwa miongoni mwa mabaharia waliogoma dhidi ya utawala wa Kiingereza, Februari 1946." Hayo unaweza kuyasoma mbele ya watu na moyo wako ukatulia, lolote litakalokuja kujulikana baadaye. Hatari yake ni kwamba ami anaweza kukuuliza umejuaje kuhusu chumba cha redio, au ahisi unampunguzia baba yake heshima. Jiandae kwa swali hilo kabla hujaenda. Ukiwa hutaki bado kuitaja barua, bakia kwenye mizinga, usiguse zamu za chumba cha redio.

Kumwonyesha ami barua ni hatua nyingine. Akiisoma wiki ya khitma, na presha yake, anaweza kusitisha kila kitu au akaichukua na kuificha. Asipoambiwa kabisa, akaja kugundua baada ya mwaka kwamba ulisoma zile kurasa ukijua, atajiuliza ulikuwa unamwonaje siku ile. Kuna wanaochagua kungoja hadi shughuli ipite, wakakaa na mzee faraghani. Wewe ndiye unayemjua: ni mtu wa kupewa habari kidogokidogo, au ni mtu anayekasirika zaidi akifichwa?

Bibi ni suala la peke yake. "Mwacheni mzee alale" inaweza kuwa anajua. Inaweza pia kuwa amechoka na sifa ambazo mumewe hakuzipenda akiwa hai. Kama utamwendea, nenda peke yako, saa ambayo huwa mchangamfu, na barua iache nyumbani. Usimuulize kama babu aliwataja wenzake. Muulize jambo pana: alikuwa akiwakumbuka wenzake wa Bombay? Aliwahi kuandikiana na yeyote kule Ratnagiri? Akinyamaza, badilisha mazungumzo, usirudie siku hiyo. Ana haki ya kufa na siri ya mumewe akitaka. Lakini zingatia pia kwamba ana miaka 91, na hakuna mwingine aliyebaki aliyeishi naye karibu na miaka ile.

Kuhusu utafiti: inawezekana, ila usiahidi mtu majibu kabla ya khitma. Kitu cha kwanza ni namba ya utumishi iliyo kwenye cheti, ambayo ina thamani kuliko jina. Makarani wa Kiingereza waliandika majina ya Kikokni kila namna, mara jina la baba likawa ukoo, mara jina la kijiji. Nyaraka za Taifa za India, New Delhi, zina majalada ya uasi huu, na orodha yao inaweza kutafutwa bure mtandaoni. Tafuta kwa jina la kituo na mwaka kabla ya jina la mtu. Kumbukumbu za mabaharia za jeshi la majini la India zinashughulikiwa na ofisi iliyoko Mankhurd, Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani. Huko andika kwa barua rasmi, ambatisha nakala ya cheti na uthibitisho kwamba wewe ni mjukuu. Maktaba ya Uingereza, London, nayo ina majalada ya iliyokuwa ofisi ya mambo ya India. Kukosa jina lake hakutathibitisha chochote, kwa sababu majalada mengine yaligawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947 na mengine hayakuhifadhiwa. Na kabla hujaanza, jiulize utafanya nini ukikuta maelezo yenye sahihi yake. Ukiona huwezi kulijibu swali hilo leo, hakuna ubaya wowote kungoja.

Njia nyingine ni kuwatafuta wajukuu wa aliyeandika, kwa kuwa kijiji chake umekijua. Huenda huko kuna barua ambayo babu aliandika kujibu. Huenda pia wakakufungia mlango, au ukawafungulia kidonda walichokwisha kukisahau.

Kwa habari ya kuichoma, hiyo ndiyo njia pekee kati ya zote ulizotaja ambayo haina kurudi nyuma, kwa hiyo usiichague kwa wiki ya usiku wa macho makavu. Ipige picha pande zote mbili pamoja na bahasha na mhuri wa posta, mchana, bila mwanga mkali wa simu. Usiigandishe kwa gundi ya karatasi wala usiiingize kwenye plastiki ya moto. Karatasi ya miaka hiyo huharibika humo. Iweke bapa ndani ya karatasi safi, mbali na unyevu wa ukuta, jambo ambalo Mombasa si rahisi. Halafu mtafute msomaji wa pili wa Kiurdu, asiyeijua familia, aisome upya toka mwanzo bila wewe kumwambia rafiki yako alisema nini.

Zimebaki zile kurasa zako mbili. Barua inawataja wenzake watano kwa majina, watu waliokaa Mulund, wakafukuzwa, na baada ya uhuru hawakurudishwa kazini India wala Pakistan. Pengine karatasi hiyo ni mojawapo ya mahali pachache majina yao yalipobaki. Unaweza kufikiria kama khitma ya babu inaweza kuwataja nao katika dua, kama wenzake wa Talwar. Wengine wataona ni jambo jema na la kawaida. Mmoja au wawili watakuuliza majina hayo umeyapata wapi, na bibi, akiwa ameketi hapo, atayasikia. Kwa hiyo, kama utalifanya, labda yeye ndiye wa kumsomea orodha hiyo kwanza, mkiwa wawili tu.